Wazazi wanakuja Moshi: baba ana sukari, mama ana presha. Niwapeleke wapi kula?

*"Shikamoo mtaalamu wetu. Mimi nafanya kazi Moshi na nimeoa huku huku. Wiki ijayo wazazi wangu wanakuja kututembelea kutoka Tanga, kwa mara ya kwanza. Natamani jioni moja niwatoe tukale nje, tutakuwa watano pamoja na mke wangu na mtoto wetu. Nimetenga shilingi 60,000, zaidi ya hapo sina. Baba ana miaka 68 na ana kisukari. Mdogo wangu amenitumia picha ya dawa zake: ni metformin na glibenclamide, anameza asubuhi na jioni. Mama ana presha. Nimeambiwa mgonjwa wa sukari asiguse wali wala ndizi, ale ugali wa dona tu, na kwamba chakula salama kwao kipo kwenye hoteli kubwa. Hizo siziwezi. Halafu baba hapendi kabisa ugonjwa wake utajwe mbele za watu, na ni watu wa swala, siwezi kuwapeleka baa. Niwapeleke wapi?"*

Marahaba. Unauliza mgahawa, lakini ninavyokusoma, kinachokunyima usingizi ni kingine: unaogopa ukiwachunga sana utawaharibia raha ya safari, na ukiwaachia wale wanachotaka utawadhuru. Hofu hiyo ina jibu. Shilingi 60,000 kwa watu wazima wanne na mtoto mmoja zinatosha Moshi, ilimradi usiingie kwenye migahawa iliyopanga bei zake kwa kuwaangalia wageni wa kupanda mlima.

Jina la mgahawa sitakutajia. Mpishi huhama, na anapohama chakula huhama naye, kwa hiyo jina nililolisifu leo linaweza kukuangusha wiki ijayo. Nitakueleza jiko la kutafuta. Kwa hali ya wazazi wako, tafuta jiko unaloweza kuongea nalo: linalopika kwa oda, linalopokea simu mapema, na ambalo mpishi akiombwa apunguze chumvi anakuuliza apunguze kiasi gani badala ya kukuitikia tu "sawa" na kuendelea na kazi yake. Jiko la namna hiyo mara nyingi utalikuta kwenye hoteli ya kawaida ya mtaani, yenye meza chache na mwenye mali akiwa amesimama mlangoni.

Hoteli kubwa nazo zina mpangilio ambao haumsaidii mtu kama baba yako. Jioni nyingi wanaweka bufee. Chakula cha bufee kimepikwa kwa masufuria makubwa, kimeshatiwa chumvi na mafuta saa kadhaa kabla hujafika, na hakuna wa kumwambia akupikie tofauti. Zaidi ya hapo, mtu aliyelipa bei moja kwa kula atakavyo hula kupita anavyokula nyumbani. Ninaowaona kliniki sukari ikiwa imepanda baada ya sherehe wengi wao hawakula kitu cha ajabu. Walikula wali ule ule wa kila siku, ila kwa sahani mbili.

Hapo ndipo tufike kwenye hili la dona. Ugali wa dona, wali, ndizi za kupika, viazi, chapati, mihogo, vyote ni wanga, na wanga wote ukishafika tumboni unavunjwa kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Dona ina makapi ya mahindi, kwa hiyo inameng'enywa polepole kidogo kuliko sembe, na hilo ni jambo jema. Lakini bonge kubwa la dona litapandisha sukari ya baba yako kuliko wali wa kiasi cha ngumi yake. Ndizi mbichi za kupika nazo hazina kosa zikiwa bado za kijani. Zikiiva, sehemu ya wanga wake imeshageuka sukari, ndiyo maana zinakuwa tamu. Kwa hiyo usimkataze baba wali. Mtu wa Tanga umnyime wali na samaki halafu umwambie umemtoa kula nje? Apunguziwe wali, aongezewe mboga na samaki. Ukiitazama sahani yake, nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe samaki, kuku au maharage, robo inayobaki ndiyo ya wali.

Utaratibu wa kula nao una nguvu yake. Akianza na mboga na samaki, wali ukaja mwishoni, sukari hupanda taratibu zaidi kuliko akianza na wali mtupu wakati njaa imemshika. Huhitaji kumwambia. Omba tu jikoni mboga na samaki vitangulie mezani, wali ufuate.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, nami nalihofia kuliko wali. Glibenclamide inafanya kazi kwa kuisukuma kongosho itoe insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, chakula kiwepo au kisiwepo. Metformin haina tabia hiyo, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Sasa fikiria jioni yenyewe inavyokwenda. Baba anameza dawa nyumbani saa 12 jioni kama alivyozoea, kwa sababu nyumbani Tanga chakula huwa tayari mezani. Mnasubiri bodaboda na bajaji, mnafika saa 1, mnaagiza, mnaambiwa samaki ndiyo kwanza anaingia jikoni. Saa 2 bado hamjala. Insulini imeshatoka na tumboni hakuna kitu. Mzee anaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, anakuwa mkali au anaongea maneno yasiyoeleweka, na nyinyi mnadhani amechoka na safari. Hiyo ni sukari iliyoshuka, na kwa mtu wa umri wake inaweza kumfanya aanguke au apoteze fahamu.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Dawa ya jioni msafiri nayo mpaka mgahawani, aimeze chakula kikiwa kimefika mezani. Ukipiga simu kuagiza, taja saa mtakayokaa kula, na saa moja kabla hamjatoka nyumbani piga tena uulize kama wameshaanza kupika. Nendeni mapema, saa 12:30 mwe mmeshakaa, na kama swala ya magharibi itaangukia hapo katikati, ulizia msikiti wa karibu mapema ili chakula kisije kikapoa mkiwa hamjui pa kwenda. Siku ya kuwasili msiwatoe kabisa. Mtu akishinda kwenye basi kutoka Tanga hajala vizuri, miguu imevimba, na saa zake za dawa zimevurugika. Wapumzike, wale nyumbani, mtoke kesho yake au keshokutwa.

Mfukoni mwako uwe na sukari. Dalili hizo zikitokea, mkorogee sukari vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya chai kwenye maji nusu glasi anywe, au umpe soda ya kawaida nusu glasi. Subiri dakika 15, na kama hajarudi sawa rudia. Akishatulia ale chakula. Kama mna kipimo cha sukari, chini ya 4 (mmol/L) ndiyo imeshuka. Akipoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, chukueni gari moja kwa moja hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, yoyote iliyo karibu.

Kwa mama habari ni ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya chakula. Mgahawani chumvi haipo kwenye kichupa cha mezani peke yake. Ipo kwenye mchuzi mix, kwenye soya sosi wanayolowekea kuku, kwenye tomato sosi, na kwenye lile fungu dogo la chumvi linalowekwa pembeni ya nyama choma. Mwambie mpishi anayepika samaki wenu asitie mchuzi mix, atumie ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na pilipili hoho. Mama yako ametoka kwenye mapishi ya pwani, ndimu na viungo anavijua, hatahisi kapunjwa.

Na huku kwetu kuna kitu kingine ambacho wageni hawakijui: magadi. Wapishi wengi wa Kilimanjaro na Arusha huyatia kwenye maharage, makande, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na hata mboga za majani, ili viive haraka na mboga ibaki na kijani chake. Magadi ni chumvi ya sodiamu pia, ingawa hayana ule ukali wa chumvi mdomoni, kwa hiyo mtu mwenye presha anaweza kuagiza maharage akiamini ameepuka chumvi. Yanayochimbwa kwenye maziwa ya huku kaskazini mara nyingi huja pia na floraidi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia, na hilo ni la kuangalia kwa mtoto wenu. Ukiona maharage yamelainika mpaka yanateleza na mchuzi wake una utelezi kama wa sabuni, yametiwa magadi. Uliza tu, "Dada, maharage haya mmeweka magadi?" Watakwambia, si siri.

Tuangalie basi aina za sehemu zilizopo. Mama lishe wa maeneo ya Mbuyuni au karibu na stendi ninawapenda na ninakula kwao, lakini wakati wao ni mchana. Chakula chao kipya hutoka jikoni kati ya saa 6 na saa 8, na kinachouzwa jioni mara nyingi ni kile kile kilichobaki. Chakula kilichopikwa kikikaa vuguvugu saa nyingi huotesha vijidudu, wali hasa, na tumbo la mzee mwenye kisukari likiharibika sukari yake nayo inayumba. Kama wazazi wako wako tayari kubadilisha chakula cha jioni kiwe cha mchana, kwa mama lishe mtashiba wote na zaidi ya nusu ya fedha yako itabaki.

Migahawa ya Kihindi iliyopo mjini nayo si ya kupuuzwa. Dengu, mboga na chapati ni mlo mzuri kwa baba, na ile inayopika mboga tupu inakuondolea wasiwasi wa nyama. Tatizo lake ni samli na chumvi, ambavyo vimeshachanganywa tangu mwanzo na si rahisi kuvitoa. Sehemu nyingi za nyama choma zinauza bia na kitimoto kwenye jiko hilo hilo, kwa hiyo ziache.

Migahawa ya vyakula vya Kichaga itakuvuta, maana mgeni akifika chini ya Kilimanjaro bila kuonja mtori ni kama hakufika. Sina ugomvi na mtori, ni chakula kizuri. Ila watu huunywa kama supu ya kufungulia, kisha wanaletewa wali. Mtori ni ndizi zilizopondwa, ni wanga, kwa hiyo bakuli la mtori linachukua nafasi ya wali, haliji kabla yake. Huu ningemwachia mke wako aupike nyumbani mchana mmoja. Mama mkwe akipikiwa mtori na mkwewe jikoni kwake, na nyama mnajua imechinjwa na nani na chumvi mnajua imeingia kiasi gani, hiyo ni karamu kuliko ya mgahawa wowote.

Kwa jioni yenu ningechagua mgahawa wa chakula cha Kiswahili usiouza pombe, wa wali, samaki, chapati na rosti. Mjini Moshi ipo, na ukiuliza waumini wanaotoka msikitini watakuelekeza wanakokula wao. Pilau na biriani waache siku hiyo, si kwa sababu ni sumu, ila mafuta, chumvi na wali vimeshaungana na huwezi kumpunguzia mtu kimoja bila kingine. Agiza wali mweupe, na ule wa nazi uwe kidogo kama baba ataupenda. Agiza samaki wa foili au wa mchuzi, kuku wa kuchoma au rosti isiyo na mafuta mengi, mchicha au mnafu bakuli kubwa, na kachumbari.

Usiagize sahani tano. Hapa ndipo bajeti yako na afya yao vinakutana. Sahani ya mgahawa hujazwa wali ili mteja aone amepata haki yake, samaki akawa pembeni na mboga kijiko kimoja. Agizeni vya kuchangia: wali wa sahani mbili kwa watu wote, samaki wawili wakubwa, kuku nusu, mboga bakuli mbili au tatu. Mboga ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote mezani. Fedha ambayo ingeliwa na sahani tatu za wali na glasi tano za juisi inaongeza samaki. Uliza bei zote kwenye simu, jumlisha kabla hujasema "andika", usingoje bili ije mbele ya wazee.

Njia hii inamaliza na suala la heshima ya baba. Kila mtu anakula kilicho mezani, hakuna chakula cha mgonjwa. Watu wa Tanga wamezoea kula pamoja kwenye sinia, ataona mmemkaribisha kwa desturi yake. Nikuambie ukweli, sinia lina udhaifu wake: hakuna anayejua mzee amekula wali kiasi gani, na wewe huna haki ya kumhesabia matonge. Ndiyo maana nasema wali uwe mchache tangu jikoni na ufike mwisho. Mke wako akimpakulia mzee, aanze na mboga na samaki ajaze, wali auweke kidogo, na akitaka kuongezwa aongezwe mboga kwanza. Baba akiagiza chapati, mpe. Jioni moja yenye chapati moja haitamharibu mtu ambaye siku nyingine anajitunza.

Kwenye vinywaji kuwa makini zaidi, maana huko hakuna mboga ya kuipunguza kasi. Soda ya kola ya kawaida ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Juisi ya matunda ambayo watu huiita freshi wakidhani haina madhara nayo ina sukari ya matunda kadhaa yaliyokamuliwa pamoja, na migahawa mingi huongeza sukari juu yake. Omba maji ya kunywa yawekwe mezani kabla mhudumu hajauliza nani anakunywa nini. Kisha chai ya tangawizi ije bila sukari, sukari pembeni, kila mtu ajitilie.

Siku moja kabla, pitia mgahawani mwenyewe jioni ile ile mtakayoitumia. Agiza sahani ndogo. Chungulia karai la kukaangia: mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, yamekaangia siku nyingi. Angalia kama bomba la kunawia lina sabuni. Angalia choo na ngazi pia, kwa sababu mama mwenye presha huenda anatumia dawa inayomwendesha haja ndogo, na akiona choo ni kibaya ataacha kunywa maji au ataruka dawa ili asisumbuke.

Mwisho, kuna mambo ambayo mgahawa mzuri hautayatatua, yanahitaji daktari amwone mtu mwenyewe. La kwanza ni hiyo glibenclamide. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha kwamba haifai kwa watu wenye zaidi ya miaka 60, kwa sababu ya huko kushusha sukari, na zipo dawa za kundi hilo hilo zilizo salama zaidi kwa wazee. Usimwachishe wewe, wala usimpunguzie. Kwa kuwa atakuwa huku, mpeleke kliniki ya kisukari siku moja, akapimwe sukari na figo, daktari aamue. Kama figo zimeanza kuchoka, hata ushauri wangu wa mboga nyingi, ndizi na maharage utabidi ubadilishwe. La pili, kama mama atapimwa presha ikafika 180 kwa 120 au zaidi, na ana maumivu ya kifua, kichwa kikali, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Kabla hawajapanda basi, mpigie mama. Yeye atakwambia kwa utulivu ambacho baba hatakisema: anameza dawa saa ngapi, amewahi kutetemeka au kuanguka, siku hizi anakula kiasi gani. Mwambie pia wabebe dawa kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye mizigo ya chini ya basi, na wawe na maji na kitu cha kula njiani.